Mpango wa Kumzuia Madam Dahabo Asihamie Rhamu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Habari mbaya. Nimezipata kabla ya chai ya saa nne, na tangu hapo sijaelewa somo hata moja.

Mwalimu Mkuu wetu, Madam Dahabo Kanchora, ameletewa barua na Tume ya walimu. Kuna nafasi ya Mwalimu Mkuu katika shule moja ya msingi huko Rhamu, kaunti ya Mandera, kando ya mto Daua. Akitaka, aende Januari. Asipotaka, abaki nasi hapa Galbet, Garissa. Jibu linatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na tisa. Habari hizi nimezipata kwa njia halali. Nilipeleka chaki ofisini, barua ilikuwa mezani, nami nina ujuzi wa kusoma karatasi iliyomwelekea mtu mwingine.

Mwalimu Kerrow, naibu wake, ameisoma pia. Najua kwa sababu alasiri alisimama mlangoni akikipima kiti cha Madam kwa macho.

Madam hawezi kwenda. Sababu naiandika wazi, ili siku nikikata tamaa nirudi ukurasa huu. Mwaka juzi nyanya yangu, Ayeeyo, ambaye ninaishi naye kwa sababu mama anafanya biashara Dadaab, alinitoa shuleni nimsaidie kuuza maziwa ya ngamia sokoni. Madam alikuja nyumbani jioni tatu mfululizo. Hakugombana. Alikunywa chai, akasifu maziwa, akauliza hali ya magoti. Jioni ya tatu Ayeeyo alikubali, lakini kwa sharti. "Weris atasoma," alisema, "maadamu wewe ndiye umeshika funguo za shule ile. Siku ukiondoka, anarudi kwangu."

Ayeeyo husahau miwani yake kila siku. Masharti hayasahau.

Kwa hiyo Madam akienda Rhamu, Gredi ya Saba sitaiona. Nina siku kumi na moja. Nimeanza mpango. Bado sijui ni mpango gani, lakini nimeuanza.

Jumanne, 9 Septemba

Bahati! Anatafutwa mwanafunzi wa kuandika maisha ya Madam na kuyasoma Siku ya Wazazi mwezi ujao. Darasa zima lilimgeukia Qali, maana Qali hushinda kila insha. Nikainua mkono kabla hajafikiri. Nikainua na wa pili. Nimepewa mimi. Qali alisema ni sawa, nikikwama atanisaidia. Hilo ndilo linalonichosha kwake: ukimshinda hakasiriki.

Mpango sasa upo. Nitamhoji Madam, nijue anapenda nini maishani, halafu nitakitumia kumshikilia hapa.

Nilianza na falsafa yake ya elimu. Neno falsafa nililitafuta kwenye kamusi jana usiku ili nilitamke bila kusitasita. Nilitarajia maneno mazito. Madam alinieleza habari za ngamia.

Alipohitimu alipangiwa shule ya Wajir mjini, yenye madirisha na geti. Akaomba abadilishiwe. Akapewa shule ya kuhamahama, ile inayofuata wafugaji, ambayo walimu watatu walikuwa wameikimbia. Ubao ulifungwa ubavuni mwa ngamia. Asubuhi moja ngamia aliondoka katikati ya jedwali la saba. Watoto wakamfuata wakisoma. Walipofika saba mara kumi na mbili walikuwa wamefika kisimani, na wote walilijua jedwali.

Niliuliza alijifunza nini kutokana na hayo. Alifikiri, kisha akasema kwamba ubao ufungwe kwa mafundo mawili.

Nitawasomea wazazi nini mimi? Mafundo?

Jumatano, 10 Septemba

Mahojiano ya pili. Sijasaidika hata kidogo.

Baada ya Wajir alikwenda Dadaab. Shirika moja lilimpa kazi ya ofisini, chumba chenye kiyoyozi na chai ya bure. Akasema asante, akaenda kufundisha darasa la kwanza lenye watoto mia moja thelathini na wanne. Kila mtoto aliingia na jiwe lake, akaliweka mlangoni, na akiruhusiwa kutoka analichukua. Jioni mawe yaliyobaki yalimwambia nani katoroka. Kisha akahamia shule ya mpakani ambayo upepo ulikuwa umechukua paa na kuta tatu. Ukuta mmoja ulibaki. Akafundisha madarasa mawili, moja kila upande wa ukuta, akizunguka na kurudi kama punda wa maji. Alipoona shule ina paa na walimu wa kutosha, akaomba uhamisho. Ndipo akaja Galbet, miaka tisa iliyopita. Wanafunzi walikuwa sitini na mmoja, na mbuzi walilala darasa la pili. Sasa tuko mia saba na arobaini, tuna maktaba, na miarobaini inatupa kivuli mpaka langoni.

Nimeandika kurasa tano. Nimezisoma mara mbili. Hakuna mahali popote aliposema anapenda nini! Nilimuuliza moja kwa moja. Akajibu kwamba anapenda chai isiyo na tangawizi.

Mtu wa namna hii unamshikilia wapi?

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepata njia. Imetoka kwa Madam mwenyewe, ingawa hajui.

Kwanza nieleze mambo ya sahan, maana ndiyo sehemu ya falsafa yake inayoweza kusomeka mbele ya wazazi. Wafugaji kabla ya kuhamisha mifugo humtuma mtu atangulie, akaone kama kuna majani na maji. Kazi hiyo ndiyo sahan. Madam ni Mborana wa Wajir, na anasema kwao ina jina jingine lakini vumbi ni lile lile. Basi kabla hatujaanza mada mpya, mwanafunzi mmoja hutumwa mbele. Anasoma sura peke yake siku mbili, anauliza watu, anarudi kutuambia wapi pana maji na wapi pana miiba. Akisema hapa sikuelewa, anapigiwa makofi. Akipamba, anavuliwa kazi.

Mimi nilivuliwa muhula uliopita. Nilitumwa kwenye desimali. Nilisoma ukurasa wa kwanza, ukawa mwepesi, nikaripoti kwamba desimali ni tambarare tangu mwanzo hadi mwisho. Gredi ya Sita nzima ikaingia na kuzama wiki tatu. Mpaka leo naona ilikuwa bahati mbaya tu.

Leo baada ya paredi nilimfuata Madam. Nikamkumbusha kwa heshima kwamba hakuna anayehama bila sahan. Nikamwambia Abti Shuaib, kaka yake mama, anaishi Rhamu na analima vitunguu kando ya mto. Nikajitolea kumpelelezea shule ile. Aliniuliza nimejuaje habari za Rhamu. Nikasema Galbet nzima inajua. Hapo sikudanganya, niliwaambia mwenyewe.

Akakubali. Kisha akasema sahan haiendi na mtu mmoja, kwa hiyo ataongeza mwingine.

Akamwongeza Qali. Qali!

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya sala nilichukua simu ya Ayeeyo nikampigia Abti Shuaib. Nikamwambia tu kwamba Mwalimu Mkuu wangu anaulizia shule ya mtoni. Nilitumaini kusikia mabaya.

Kumbe ni shule nzuri kupita kiasi. Abti yumo kwenye kamati yake na anaisifu kama binti yake anayeozwa. Paa jipya la bluu. Walimu kumi na wanne. Tangi la maji, mipapai, migomba, maktaba yenye mikeka. Nyumba ya Mwalimu Mkuu ina feni na vigae sakafuni. Neno vigae alilisema mara nne. Kwetu mjomba na mpwa wote huitana Abti, basi kila sentensi aliifunga hivyo: "Vigae, Abti. Unateleza, Abti."

Nani atakataa vigae? Hapa ofisi ya Madam ina sakafu ya saruji yenye shimo, na shimo lina sisimizi.

Hakuna njia nyingine. Ripoti itabidi irekebishwe.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeandika. Utaratibu wangu ulikuwa rahisi: nilichukua kila neno la Abti na kuligeuza. Paa la bluu likawa hakuna paa. Tangi likawa kisima kilichokauka. Mipapai ikawa miiba. Maktaba nikaifuta kabisa. Kurasa mbili, aya sita, kila aya ina sentensi ya kuanzia na ya kumalizia, kama tulivyofundishwa. Ni kazi safi. Ingekuwa kweli ningeipeleka mashindanoni.

Ayeeyo aliniona nikiandika, akauliza ni nini. Nikasema kazi ya shule. Akasema vizuri, nimalize upesi maana si nyingi zilizobaki. Habari za Rhamu zimemfikia sokoni. Jioni alirudi na mtungi mpya wa lita tano, wa njano, akausimamisha kando ya kitanda changu. Hakueleza. Nimeugeuzia ukutani lakini mpini wake bado unanitazama.

Jumatatu, 15 Septemba

Tuliitwa ofisini, Qali na mimi.

Qali alianza. Ripoti yake ilikuwa ya mistari mitatu. Alisema amemuuliza dereva mmoja wa lori, ambaye alipita pale bila kusimama, akaona miti. Mengine hajui. Madam alimpigia makofi. Kwa kusema hajui!

Nikasoma yangu. Nilisoma polepole, kwa huzuni, nikishusha sauti penye kisima. Nilitarajia Madam ashike kichwa. Badala yake alisogeza kiti mbele. Akauliza kama paa limekosekana lote au sehemu. Nikasema lote. Akauliza kama watoto wanakuja hata hivyo. Nikasema wanakuja, wanakaa juani, wanaungua. Nilidhani hapo nimempata.

"Wanakuja hata hivyo," alirudia, akaandika kitu kwenye daftari lake. Macho yake yaling'aa kama ya Ayeeyo akisikia mvua imenyesha malishoni.

Simwelewi. Nimefikiri njia nzima ya kurudi nyumbani. Jibu ni moja tu: ripoti haikuwa mbaya vya kutosha.

Jumanne, 16 Septemba

Ripoti ya pili nimeipeleka kabla ya paredi, nikasema nimepata habari zaidi kutoka kwa Abti. Nimeweka mamba kwenye njia ya shule. Mwalimu nimemwacha mmoja tu, naye ndiye mpishi. Gredi ya kwanza ina watoto mia moja na sitini. Nyumba ya Mwalimu Mkuu imehamiwa na nyuki.

Madam aliuliza ni mizinga mingapi. Nikasema minne. Akasema nyuki huondoka wakifukizwa kwa adabu. Kisha akanituma dukani kuomba makatoni.

Makatoni ya kufungia vitabu! Nimeyabeba mimi mwenyewe, wallahi, kwa mikono yangu miwili, nikiwa najua ni ya nini.

Mwalimu Kerrow alijitolea kubeba mawili. Alikuwa akipiga mluzi. Aliniuliza kama kweli Rhamu kuna mamba wanaopita shuleni. Nikasema kweli. Akasema maskini Madam, akaketi kwenye kiti chake. Akaeleza kwamba anahakikisha tu kama hakina msumari. Alihakikisha kwa dakika kumi.

Jumatano, 17 Septemba

Maafa.

Ripoti ya tatu ilikuwa ya mwisho na niliitia nguvu zangu zote. Niliandika kwamba kwa kweli shule yenyewe haipo. Kuna kengele tu, imetundikwa kwenye mgunga, na watoto mia mbili wamekaa chini yake tangu Januari, wanasubiri.

Madam aliisoma mara mbili. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shela. Nilihesabu moyoni: moja, mbili, amekata tamaa, tatu, anabaki.

Akachukua kalamu akasaini barua ya kukubali.

"Wanasubiri, Weris," aliniambia. "Kengele ipo, watoto wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuipiga."

Bahasha amempa Mwalimu Kerrow aipeleke ofisi ya elimu Ijumaa asubuhi. Mwalimu Kerrow aliitia kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo, akaipapasa kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga alale.

Nimeketi maktaba nikasoma upya kurasa zangu tano za mahojiano, nikitafuta nilikosea wapi. Ngamia. Watoto mia moja thelathini na wanne. Ukuta mmoja. Mbuzi. Hakuna maelezo. Mwanamke huyu hana mpangilio wowote. Qali alisoma juu ya bega langu, akauliza mbona kila mara Madam amechagua pabaya. Nikamwambia asiniingilie, hii ni kazi ya kitaalamu.

Jioni Ayeeyo alinionyesha jinsi ya kufukiza chombo cha maziwa ili maziwa yakae bila kuharibika. Alisema nina mikono mizuri ya kazi hiyo. Macho yangu yalitoka machozi. Nikasema ni moshi.

Alhamisi, 18 Septemba

Naandika haraka, kwa hiyo mwandiko usamehewe.

Saa nne, wakati wa chai, lori la vitunguu lilisimama langoni. Akashuka Abti Shuaib, amevaa koti lake la harusi. Kwenye joto la Garissa! Kumbe simu yangu ya Ijumaa haikumtoka kichwani. Kama Mwalimu Mkuu wa Galbet anaulizia shule yao, kamati iliona, basi mtu aende akamvutie kabla hajabadili nia. Wakamchagua yeye, kwa kuwa ana mpwa ndani. Alikuwa na mkungu mzima wa ndizi, na simu yenye picha sitini na mbili.

Niliitwa kubeba ndizi mpaka ofisini. Nilijaribu kuzimia njiani. Haiwezekani kuzimia kwa kukusudia, nimethibitisha.

Abti alisalimia kwa kirefu, akafungua simu. Picha ya kwanza, paa la bluu. Madam akauliza hapa ni wapi. Abti akasema ni shuleni. Madam akauliza shule gani. Abti akacheka, akadhani ni utani, akaendelea. Tangi. Mipapai. Watoto wamelala kifudifudi kwenye mikeka ya maktaba, wanasoma. Walimu kumi na wanne wamesimama mstari mmoja. Nyumba ya Mwalimu Mkuu. Kigae. Kigae kingine, kimepigwa picha kwa karibu. Kila picha iliyopita, uso wa Madam uliteremka kidogo. Abti alidhani haoni vizuri, akawa anaikuza.

Madam alifungua droo. Akatoa ripoti zangu tatu. Akazisoma kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma majina ya waliofika. Penye mamba, Abti alisema mamba wapo, lakini wako mtoni kwao, hawajaandikishwa shuleni. Penye nyuki, aliketi chini. Penye kengele na mgunga alinigeukia.

"Abti," alisema, "mimi na koti hili nimepanda juu ya magunia siku mbili. Nyuki?"

Qali alikuwa mlangoni na birika la chai. Hakucheka. Ningependa acheke, ningepata mtu wa kumkasirikia.

Madam alisema baba yake alikuwa mtu wa sahan. Mwaka mmoja alikuwa mgonjwa, akatumwa jirani. Jirani yule alichoka nusu ya njia, akarudi akasema majani yapo. "Tulitoka na ngamia arobaini," alisema. "Tukafika na kumi na mmoja." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Akaniuliza kwa nini.

Nikasema. Nilisema yote, bila aya, bila sentensi ya kuanzia. Jioni tatu za chai, sharti la Ayeeyo, funguo, mtungi wa njano, moshi. Nilisema sitaki kuuza maziwa. Nilisema nataka siku moja kuwa kama yeye, jambo ambalo sikuwa nimepanga kulisema na ambalo sijawahi kuliandika hata humu. Abti akaacha kukuza picha.

Madam akamwomba Mwalimu Kerrow, aliyekuwa akipita mbele ya mlango kwa mara ya nne, amrudishie bahasha. Mwalimu Kerrow akasema huenda ameiacha nyumbani. Ncha yake ilikuwa inachungulia mfukoni. Madam akanyoosha mkono na kungoja. Mwalimu Kerrow akaitoa polepole, kama mtoto anayetema peremende.

"Ndugu Shuaib, nyinyi hamnihitaji," Madam alimwambia Abti. "Mna paa, mna maji, mna watu kumi na wanne. Mpeni nafasi mtu anayependa vigae." Akanigeukia. "Hapa nina mwanafunzi wa Gredi ya Sita anayedanganya kwa kurasa sita, aya zimepangika, tahajia haina kosa hata moja. Kuandika nimemfundisha mimi. Kazi nimeifanya nusu, Weris. Mtu haondoki na kazi nusu."

Akaichana bahasha. Akamkaribisha Abti chai.

Ijumaa, 19 Septemba

Madam amepeleka jibu mwenyewe, kwa tuktuk, asubuhi na mapema. Anabaki. Niliiona barua mezani kabla hajaondoka. Iliandikwa kwa sentensi moja.

Jioni alikuja nyumbani. Alimweleza Ayeeyo kila kitu, kuanzia mamba. Kila kitu! Nilikuwa jikoni nikisikia jina langu likipita na mabalaa yote niliyoyaandika. Ayeeyo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: anabaki au anaondoka? Madam akasema anabaki. Ayeeyo akasema basi mtungi wa njano utakuwa wa maji, ila sharti liko pale pale.

Madam akasema sharti hilo ni baya, maana walimu hufa na kustaafu, na mtoto asomeshwe hata funguo zikishikwa na nani. Ayeeyo akasema hapana. Madam akasema atakuja tena kesho, na kesho kutwa, mpaka liondoke. Ayeeyo akamjibu kwamba akija aje na sukari yake. Wakacheka wote wawili. Sijui kilichochekesha ni nini, hayo ni maisha yangu.

Adhabu yangu nimeipata. Siku ya Wazazi sitasoma maisha ya Madam. Nitasoma ripoti ya sahan ya shule yetu wenyewe: kilicho kizima na kilichoharibika, bila kupunguza, mbele ya wazazi na ofisa wa elimu. Qali ataikagua kwanza. Maisha ya Madam yatasomwa na Qali.

Abti amekesha akipakua vitunguu, na koti la harusi linanuka. Amesema amenisamehe, lakini kila nikipita anavuma kama nyuki. Mwalimu Kerrow alimfuata hadi kwenye lori kumuuliza, kwa udadisi tu, kama vigae vile ni vya jikoni pia.

Jumamosi, 20 Septemba

Madam aliniambia nikae kimya leo nitafakari nimejifunza nini. Nimekaa kimya tangu alfajiri. Nimelipata.

Kosa langu lilikuwa la upande. Qali, sipendi kuliandika, alisema kweli: Madam huenda panapoharibika na huondoka panapotengemaa. Kwa hiyo juhudi zote za kuiharibu Rhamu zilikuwa za bure. Ya kuharibiwa ilikuwa Galbet. Inashangaza jinsi jambo lililo wazi hivi linavyoweza kumpita mtu makini.

Basi nimeanza ripoti ya shule yetu. Nimezunguka leo na daftari, kwa uaminifu kabisa, nikaandika kila kasoro niliyoiona. Madirisha mawili yamevunjika. Bomba moja linavuja. Dawati la Gredi ya Nne lina miguu mitatu. Shimo la ofisini lenye sisimizi. Nikaihesabu orodha yangu mara mbili. Ni hayo tu! Shule imekaribia kutengemaa. Tume ikileta barua nyingine mwakani, Madam atafunga makatoni siku hiyo hiyo, na sharti la Ayeeyo bado liko, hata ikinywewa chai kiasi gani.

Sikuwa na budi. Ukuta wa maktaba sasa una ufa. Choo kimoja kinaegemea. Gredi ya Tatu imekuwa na watoto mia moja na arobaini. Nyuma ya tangi la maji nimeweka nyoka.

Nyoka mmoja tu. Sipendi kutia chumvi.